UZI: Zippin Pippin ya Elvis ilihamishwa kweli kutoka Memphis, au kilichohamishwa ni jina tu?

#1 Ngosha_wa_Ghubani
Wakuu salama? Nina jambo limenikaa kichwani muda, naomba tulijadili.

Naishi Green Bay, Wisconsin. Pembeni mwa maji kuna paki ya familia inaitwa Bay Beach, ni mali ya mji wenyewe, kuingia bure, unalipia unachopanda tu. Ndani kuna rola kosta ya mbao, yani ile treni ya burudani inayopanda na kushuka kwa kasi, inaitwa Zippin Pippin. Kila mgeni akija anaambiwa hii ndo ile treni aliyoipenda mwimbaji Elvis Presley, imetolewa Memphis, Tennessee, ikaletwa huku. Watoto wangu wanaipenda sana, sina ugomvi nayo. Ila mimi nikiwasubiri chini huwa naziangalia zile nguzo. Mbao zote rika moja. Boliti rika moja. Hakuna hata kipande kinachoonekana kilianza kazi miaka ya 1920. Jirani yangu mzaliwa wa hapa akaniambia za Memphis zilivunjwa, kilichokuja ni umbo lake na jina na vitu vichache tu.

Kwa hiyo hoja yangu ni moja, hii treni haikuhamishwa. Imejengwa mpya mwaka 2011 ikapewa jina la ile iliyovunjwa. Wanaopinga karibuni, ila njooni na vitu vya kueleweka.

#2 BintiLikoni
Picha iko wapi Ngosha? Unatupa stori ya mbao bila mbao.

#3 Kipepe
Nasubiri wajuzi. Mimi hata sikujua hivi vitu vinahamishwa, nilidhani paki ikifa na treni inakufa.

#4 Mtoto_wa_Ilala
Ngosha mkuu, mimi niko Memphis na huku hili jambo bado linawauma watu, kwa hiyo ngoja niliweke kwa mpangilio kabla halijapotoshwa.

Mwanzo ilikuwa inaitwa Pippin tu. Ilisimama kwenye viwanja vya maonyesho vya mji, Fairgrounds, kuanzia 1923 na kuendelea. 1976 Marekani inatimiza miaka 200 wakafungua paki mpya palepale, tarehe 4 Julai, wakaiita Libertyland, Pippin ikawa ndani yake na ndo ikaanza kuitwa Zippin Pippin. Oktoba 2005 paki ikafungwa, hesabu zilikuwa hazikai. 2006 wakapiga mnada vifaa. Pippin ikaenda kwa dola 2,500. Hamjasoma vibaya, elfu mbili na mia tano. Mnunuzi ni Robert Reynolds wa bendi ya The Mavericks na mwenzake, walikuja wakitaka behewa moja la kuonyesha kwenye maonyesho yao ya mambo ya muziki, wakaondoka na rola kosta nzima. Baadaye wakawapa wananchi waliokuwa wanaipigania ile paki, kikundi kinaitwa Save Libertyland. Green Bay walikuja kuichukua 2010 kwa dola 35,000, wakafungua kwao Mei 2011.

Kwa hiyo Ngosha kwenye mbao uko sahihi. Ila ukisema wamenunua jina tu hapo tutabishana.

#5 Kipepe
Dola 2,500 rola kosta?? Ilikuwa na shida gani?

#6 Mzee_Mnada
Haikuwa na shida, mnunuzi ndo anabebeshwa shida. Kwenye minada ya aina hii ukishinda unatakiwa uondoe mali kwa gharama zako. Sasa ondoa urefu wa futi 2,865 wa reli ya mbao na nguzo zake zote, yani karibu mita 870, kreni, mafundi, malori, pa kuhifadhi. Wangekugawia bure na bado ungepata hasara. Bei ilikuwa inauliza nani ana uwezo wa kuubeba huu mzigo.

#7 Mtoto_wa_Ilala
@Mzee_Mnada sehemu ni hiyo, lakini pia wengi siku ile waliamini haitatoka pale ilipo. Nani anunue kitu ambacho hakibebeki? Ilibidi awe mtu wa mapenzi na Elvis.

#8 Chuma_Kutu
Mimi naona ni ardhi. Eneo la Fairgrounds ndo lilikuwa na thamani, mengine yote yalikuwa yanatakiwa yapishe. Kitu kikishaitwa kizuizi bei yake inaporomoka.

#9 SistaMtwapa
Elvis naye alikuwa anakodi Libertyland nzima usiku tangu miaka ya 50 ili apande na marafiki zake bila kusumbuliwa. Ndo mana ikapata jina.

#10 Mtoto_wa_Ilala
@SistaMtwapa hapo parekebishe dada, Libertyland imefunguliwa 1976, miaka ya 50 haikuwepo. Alichokuwa anakodi zamani ni paki ya Fairgrounds, sehemu ileile na Pippin ileile ila paki ilikuwa nyingine. Libertyland yenyewe aliikodi usiku wa tarehe 8 Agosti 1977, kuanzia saa saba na robo usiku mpaka alfajiri, yeye na wageni wachache akiwemo bintiye Lisa Marie aliyekuwa bado mtoto. Tarehe 16 Agosti akafariki. Siku nane tu. Ndo mana huku ukiitaja Pippin kwa watu wazima wanabadilika sura, kwao ile ni sehemu ya mwisho alipoonekana akicheza.

#11 SistaMtwapa
Asante kwa kunyoosha. Siku nane asee.

#12 Fundi_Mbao_PA
Nimesoma toka juu. Mimi niko Pennsylvania, kazi yangu ni useremala na hizi rola kosta za mbao nazifuatilia sana, huku ndo kwao. Ngosha nataka nikuvuruge kidogo.

Unaangalia mbao unasema sio za 1923. Sasa nikuulize, unadhani hata Memphis mwaka 2005 zilikuwa za 1923? Reli ya hizi treni sio chuma kitupu. Ni mbao zimelazwa moja juu ya nyingine, tabaka kwa tabaka, juu kabisa ndo unapigwa mkanda wa bapa wa chuma ambao gurudumu linakanyaga. Treni ikipita mbao zinasukumwa, misumari inalegea, mvua inaingia, panaoza. Kwa hiyo kila msimu ukiisha mafundi wanapanda na kubadilisha, mwaka huu kona hii, mwaka ujao mteremko ule. Nguzo hivyohivyo. Na asubuhi kabla ya kufungua kuna mtu anatembea juu ya reli kwa miguu, jicho chini, anatafuta boliti iliyolegea na ubao uliopasuka. Rola kosta ya mbao ya miaka 80 ambayo bado inabeba watu ujue imeshabadilishwa mwili mzima, pengine zaidi ya mara moja, na hakuna siku hata moja mtu amesimama akasema leo sio yenyewe.

Sasa Green Bay wamefanya mara moja kile ambacho Memphis walikuwa wanafanya polepole. Tofauti ni nini?

#13 Mwana_wa_Lamu
Fundi amesema kweli. Huku kwetu jahazi likipandishwa pwani kukalafatiwa hutolewa ubao mmoja hutiwa mwingine, mwaka huu na mwaka ule, mpaka huwezi kujua ubao wa kwanza ulikuwa upi, na jina halibadiliki na hakuna anayeuliza.

#14 Ngosha_wa_Ghubani
@Mwana_wa_Lamu ndugu yangu, jahazi likikarabatiwa ubao mpya unaungana na wa zamani, huo wa zamani ndo unaupokea mpya. Memphis na hapa hakuna siku ubao mpya uligusana na wa zamani. Kule kimevunjwa, huku kimejengwa, katikati kuna kilomita 1,200 za barabara na mwaka mzima wa kutokuwepo kitu. Ukivunja jahazi Lamu ukaunda lingine Tanga kwa vipimo vilevile ukaliita jina lilelile utasema ni hilohilo?

#15 Mwana_wa_Lamu
Kama fundi wa Tanga amekuja kupima kwangu na mimi mwenyewe nimempa ridhaa ya jina, naam, nitasema ni hilohilo limehama bandari.

#16 BintiLikoni
😂😂 Mwana wa Lamu hakubali kushindwa. Na picha bado.

#17 Mtu_wa_Bukavu
Jambo bandugu. Mimi niko Milwaukee, siyo mbali na Green Bay. Tulienda na watoto wa kanisa, magari ilikuwa mengi, na nitasema kitu kimoja kuhusu ile paki: miaka ile tulienda tiketi ilikuwa senti 25, Pippin ilikuwa inaomba tiketi ine, ni dola moja. Ukiwa na watoto sita sehemu zingine za Amerika unalia mlangoni, pale mwanangu alipanda mpaka akachoka yeye mwenyewe. Ile treni inapanda polepole mnyororo unalia tak tak tak tak, ukifika juu unaona maji yote ya ghuba ile, kisha hakuna tena chini ya matako, siti inakukimbia. Mama mmoja wa kwetu aliita jina ya Yesu kutoka juu mpaka chini. Kama iko ya Elvis kama haiko ya Elvis sisi tulifurahi.

#18 Fundi_Mbao_PA
@Mtu_wa_Bukavu hiyo tak tak uliyoisikia ni kazi ya mtu anaitwa John A. Miller, huyohuyo anayetajwa kuwa ndo aliyechora Pippin. Chini ya behewa kuna ulimi wa chuma unaodondokea kwenye meno ya reli wakati wa kupanda, mnyororo ukikatika treni hairudi nyuma. Na huyo Miller ndo aliyeweka hati miliki ya gurudumu la tatu, lile linalokaa chini ya reli, 1919. Kabla ya hapo treni ilikuwa inashikwa na uzito wake tu kwa hiyo huwezi kuweka mteremko mkali, itaruka. Gurudumu la chini likiwepo unaweza kumtoa mtu kwenye siti bila kuitoa treni kwenye reli. Ile hali unayosema siti inakukimbia imewezekana kwa sababu ya hicho kigurudumu, na mpaka leo rola kosta zote kubwa zinatumia wazo lile.

#19 Mtu_wa_Bukavu
Aksanti fundi. Sasa nitaheshimu ile kelele.

#20 Msomaji_Kimya
Naomba kuongeza kitu hapa kuhusu miaka. Kuna sehemu nyingi zinaandika Pippin ilijengwa kama 1912 kwenye paki nyingine ya Memphis iliyoitwa East End Park, ikafa ile paki, ikavunjwa ikahamishiwa Fairgrounds. Kama ni kweli basi Green Bay ni uhamisho wa pili sio wa kwanza, na hoja ya Ngosha inaanza kuyumba, maana hicho kitu kimezoea kuhama toka kitoto.

#21 Fundi_Mbao_PA
@Msomaji_Kimya hiyo 1912 mimi siiamini. Wanaoiandika ndo haohao wanaosema imetengenezwa na John Miller na Harry Baker. Miller na Baker walishirikiana kwenye kampuni yao 1920 mpaka 1923 hivi, baadaye kila mtu akaenda njia yake. 1912 hawakuwa pamoja. Kwa hiyo chagua moja, ama mwaka umekosewa ama wajenzi wamekosewa. Mimi nachagua 1923.

#22 Msomaji_Kimya
Au inaweza kuwa ilianza na mjenzi mwingine East End, na Miller na Baker wakaja kuijenga upya ilipohamia Fairgrounds. Zote mbili zinakaa.

#23 Fundi_Mbao_PA
Zinakaa lakini hapo ujue umesema nini, umesema ya 1923 ilijengwa upya na watu wengine kwa umbo lao. Basi hiyo nayo ni mpya yenye jina la zamani. Umemrudishia Ngosha mpira.

#24 Ngosha_wa_Ghubani
Naupokea huo mpira.

#25 Kipepe
Swali la kitoto, Pippin ndo nini? Jina la mtu?

#26 Nyerere_Road
Tufaha. Kuna aina za tufaha Ulaya na Marekani zinaitwa pippin.

#27 Mzee_Mnada
Tufaha ni asili ya neno ila sidhani kama mtu anaita rola kosta tufaha. Wamarekani wa zamani walikuwa wakiona kitu kizuri kupita kiasi, farasi, gari, mrembo, wanasema huyo ni pippin. Yani kitu bomba. Kwa miaka ile ya 20 ndo lugha ya mjini.

#28 Fundi_Mbao_PA
Naungana na mzee, na ushahidi ni kwamba Pippin hazikuwa moja. Chicago kwenye paki ya Riverview kulikuwa na Pippin. Huku kwetu karibu na Pittsburgh, paki ya Kennywood, kulikuwa na Pippin ya 1924, ya John Miller huyohuyo. Ilikuwa jina la kibiashara tu linalovuma, kama mtu anavyofungua duka leo anatafuta jina linalovuma.

Na hiyo ya Kennywood nawaachia kama zawadi kwenye huu uzi, maana 1968 waliibadilisha, wakaongeza sehemu mpya, sehemu kubwa ya ile ya zamani wakaiacha palepale ilipo bondeni, na wakaipa jina jipya, Thunderbolt. Mpaka leo inatembea. Kwa hiyo hapo mbao na bonde na mteremko wa Pippin vipo, jina ndo halipo. Green Bay jina lipo, mbao hazipo. Ipi ni Pippin zaidi?

#29 SistaMtwapa
Fundi umeniharibia usingizi.

#30 Chuma_Kutu
Na hiyo Zippin ya mbele imetoka wapi?

#31 Mtoto_wa_Ilala
Ya kuonyesha kasi, na inaimbika. Paki mpya 1976, wanahitaji kitu cha kuvuta watoto, Pippin peke yake kijana wa 1976 haimwambii kitu. Nadhani hivyo.

#32 Nyerere_Road
Mimi nadhani watu mtaani walishaanza kuiita hivyo kabla, paki ikaja kurasimisha. Majina ya hivi huwa hayatoki ofisini.

#33 Mtoto_wa_Ilala
Inawezekana, ila mabango niliyoona mimi ya kabla ya Libertyland yanasema Pippin.

#34 Ngosha_wa_Ghubani
Turudi kwenye hesabu. Ilala amesema Green Bay walilipa 35,000. Kuijenga huku kulikula kama milioni 3.8. Gawa mwenyewe. Hata asilimia moja haifiki. Mtu akinunua kitu kwa asilimia isiyofika moja ya gharama ya kukijenga, hiyo asilimia amenunua nini? Hajanunua mbao, mbao ni kwenye zile milioni. Hajanunua mabehewa, yale tunayopanda ni mapya. Amenunua hadithi ya Elvis na ruhusa ya kuandika Zippin Pippin getini. Na mimi sisemi ni kosa, Meya Jim Schmitt wa wakati ule aliisimamia kwa nguvu na watu wamejaa pale tangu 2011. Nasema tuite kitu kwa jina lake.

#35 Mama_Zawadi_Appleton
Ngosha mwenzangu wa Wisconsin, kuna kitu unakiacha. Umbo. Kampuni ya usanifu ya Gravity Group haikuchora treni mpya wakabandika jina, wamefuata mpangilio wa ile ya Memphis, mteremko wa futi 70, mzunguko wa dakika moja na nusu hivi. Mwili wa binadamu unaopanda haujui ubao una miaka mingapi. Unachojua ni sasa napanda, sasa nashuka, sasa nimenyanyuka, sasa kona. Huo mfuatano ndo treni yenyewe. Mwenzetu mmoja tunayefanya naye kazi kakulia Memphis, alipokuja kupanda akashuka anafuta machozi, anasema nilijua kila kinachokuja kabla hakijafika. Wewe utamwambia amepanda jina?

#36 Mtoto_wa_Ilala
@Mama_Zawadi_Appleton hii imenigusa. Huyo mtu namuelewa.

Lakini naomba niseme la upande wa huku. Watu wa Memphis wengi hawagombani kuhusu mbao. Wanachosema ni kwamba ile paki ilikuwa ya watoto wa mjini, sio ya wageni. Ulikuwa unapanda basi la kawaida unafika. Ilipofungwa watoto wa mitaa ile hawakupewa kitu kingine. Farasi za kuzunguka za Libertyland, zile za mbao za kuchongwa na Dentzel za 1909, zilibaki Memphis, zikakarabatiwa, 2017 zikafunguliwa kwenye makumbusho ya watoto na ukienda leo unazipanda. Kwa hiyo iliwezekana. Ndo mana mtu wa huku akisikia Zippin Pippin ya Green Bay anaona kama ndugu yake anaishi nyumba ya watu na ubini wa kwao.

#37 Mzee_Mnada
@Mtoto_wa_Ilala samahani lakini Memphis waliiacha kuanzia 2005 mpaka 2010 inanyeshewa. Miaka mitano. Mbao bila fundi miaka mitano kwenye joto na unyevu wa kusini ile ilikuwa imeshakufa. Jina linapaswa kwenda kwa anayelilisha.

#38 Mtoto_wa_Ilala
Serikali ya mji na bodi ni kitu kimoja, wananchi kitu kingine. Save Libertyland walipiga kelele toka siku ya kwanza. Na ukumbuke hao wananchi ndo waliokubali kuiuza, tena kwa bei ndogo, kwa sababu walitaka iishi mahali popote kuliko ife Memphis. Walichouza wao, Ngosha, hawakuwa wanauza jina. Walikuwa wanatafuta mlezi.

#39 Kipepe
Hii sasa imekuwa kesi ya malezi.

#40 Pwani_Mpaka_Chicago
Nimechelewa. Naona mnagombana kana kwamba ni Pippin peke yake. Mimi niko Chicago na mfano wangu ni mdogo kwa kimo ila msafi. Hapa Melrose Park kulikuwa na paki ya watoto wadogo inaitwa Kiddieland, ndani kuna rola kosta fupi ya mbao Little Dipper, ya 1950. Paki ikafungwa 2009, mnada, paki ya Six Flags Great America pale Gurnee wakainunua dola 33,000, wakaifungua 2010. Jina wakaacha lilelile Little Dipper. Dada yangu mkubwa alizaa mapema, mtoto wake wa kwanza alipanda Kiddieland, wa mwisho kapanda Gurnee, na wanaongea kama wamepanda kitu kimoja. Sijaona mtu akilia wala akibishana.

#41 Ngosha_wa_Ghubani
Ile imesafiri mwendo wa saa moja na reli yake na nguzo zake. Hiyo naita kuhamishwa bila kigugumizi.

#42 Fundi_Mbao_PA
Basi ngoja niweke na ya kwangu maana ndo naipenda kuliko zote. Texas, San Antonio, paki ya Playland ilikuwa na rola kosta inaitwa Rocket, ya miaka ya 40 mwishoni. Paki ikafungwa 1980, treni ikabaki imesimama peke yake. Watu wa paki ya Knoebels, ya familia, huku Pennsylvania msituni, wakaitaka. Shida hakuna michoro. Hakuna karatasi hata moja ya kuonyesha ubao upi unakaa wapi. Ikabidi mafundi chini ya Charles Dinn waitenganishe ubao kwa ubao, kila kipande kinapewa namba yake, kinapakiwa, kinasafiri nusu ya Marekani, kinakuja kuunganishwa kwa kufuata namba. Ilifunguliwa 1985. Na jina wakalibadilisha, wakaiita Phoenix, yule ndege wa hadithi anayefufuka majivuni.

Yani kule mbao zote zimehama na jina limekufa, tena wameona kabisa kwamba ukishafufuka unastahili jina jingine. Mimi nikipanda Phoenix naona ni Rocket imevaa kanzu mpya. Na nikipanda Pippin ya Green Bay nadhani nitaona ni Pippin pia. Sioni kwa nini niwe na sheria moja tu.

#43 Ngosha_wa_Ghubani
Fundi huwezi kukubali zote mbili. Kama kinachobeba utambulisho ni mbao basi Phoenix ni Rocket na Pippin ya hapa ni mtoto. Kama ni umbo na jina basi Pippin ni Pippin na Rocket imekufa Texas.

#44 Fundi_Mbao_PA
Phoenix ina umbo la Rocket pia mkuu. Kilichobadilika ni bango.

#45 BintiLikoni
Na hapo Ngosha kanyamaza 😂

#46 Ngosha_wa_Ghubani
Sijanyamaza, nilikuwa kazini. Hoja bado ipo, umbo na mbao zikiwa pamoja sina neno. Umbo bila mbao ndo napinga.

#47 Chuma_Kutu
Mimi kinachonishangaza kwenye hiyo Green Bay ni mji wa watu laki moja na kidogo kumiliki paki yake toka miaka ya 20, na timu ya mpira wa Kimarekani Packers nayo ni ya mashabiki wenye hisa, sio ya tajiri mmoja. Ni mji wenye tabia ya kushika vitu vyake. Labda ndo mana Pippin ilipata pa kwenda, sehemu nyingine angetokea mwekezaji angeuliza itarudisha faida lini.

#48 Mama_Zawadi_Appleton
@Chuma_Kutu hilo ndo ningeandika mimi. Na baridi ya huku, watu wanasahau. Paki inafungwa majira ya baridi yote, theluji inalala juu ya reli. Ukienda Mei mwanzo wa msimu asubuhi treni nzito, grisi bado ngumu. Nenda Julai alasiri jua limewaka, inatembea kama imeachiwa. Ukitaka kuijua nenda alasiri, kaa behewa la nyuma kabisa.

#49 Mtu_wa_Bukavu
Behewa la nyuma ndo yule mama alikaa.

#50 Nyerere_Road
Jamani kabla uzi haujapotea, mmesikia ya Wild One? Ilikuwa Massachusetts pale Hull, paki ya Paragon, ikiitwa Giant Coaster tangu 1917. Paki ikafa 1984, treni ikahamia Maryland 1986 ikapewa jina Wild One. Sasa hiyo paki ya Maryland, Six Flags America, nayo imefungwa Novemba 2025. Treni ya zaidi ya miaka 100, imeshafiwa na paki mbili.

#51 Mzee_Mnada
Kwa hiyo itarudi mnadani.

#52 Pwani_Mpaka_Chicago
Kama atatokea wa kuinunua. Mbao za mwaka gani hizo sasa, Fundi?

#53 Fundi_Mbao_PA
Za miaka yote. Akitokea mji wa kuitaka mimi naomba waanze kuihesabia namba mapema kabla mvua haijaimaliza, kosa la Memphis lisirudiwe.

#54 Mtoto_wa_Ilala
Na wakiipeleka, waulizeni watu wa Hull kwanza kama wanataka jina lao la Giant Coaster lirudi. Wapo ambao bado wanalikumbuka.

#55 Ngosha_wa_Ghubani
Kwenye hiyo Ilala niko na wewe asilimia mia. Ya Pippin tutaendelea, Jumamosi nawapeleka watoto Bay Beach, BintiLikoni picha zako zinakuja, nitapiga boliti kwa karibu ili Fundi aseme ni za lini.

#56 BintiLikoni
Piga na bango. Na behewa la nyuma.